Jinsi mipigo ya brashi inavyounganishwa katika caoshu, mwandiko wa mkato wa Kichina

Wanajamvi, salaam.

Tangu Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifunguliwe mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, nafasi za kujifunza Kichina zimeongezeka sana katika ukanda wetu, na humu jamvini wapo wanaosoma habari za Kichina bila msaada wa kamusi. Hata hivyo, msomaji huyohuyo akisimama mbele ya karatasi ndefu iliyoandikwa kwa caoshu, yaani mwandiko ambao herufi zake zimefupishwa na mipigo yake kushikanishwa, huambulia patupu. Akiuliza, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba mwandishi aliandika upesi bila kuinua brashi, na ndiyo maana kila kitu kimeshikana. Jibu hilo limeenea mno, na kwa maoni yangu ndilo linalowapoteza wanaoanza kujifunza. Ningependa kueleza kwa kirefu jinsi viungo vya mipigo vinavyofanya kazi, kwa sababu anayevielewa anaweza kuanza kusoma caoshu, na asiyevielewa ataendelea kuona mikunjo ya wino tu.

Kwanza tuweke msingi. Kaligrafia ya Kichina ina mitindo mikuu mitano: zhuanshu inayoonekana mpaka leo kwenye mihuri, lishu ya makarani wa kale, kaishu ambayo ndiyo tunayofundishwa darasani, xingshu iliyo katikati ya utulivu wa kaishu na mwendo wa caoshu, na caoshu yenyewe. Wengi hudhani kwamba caoshu ilizaliwa mwisho, kana kwamba mtu alichukua kaishu akaiandika mbiombio mpaka ikavurugika. Sivyo ilivyokuwa. Caoshu ilichipuka kutoka katika lishu wakati wa utawala wa Han (mwaka 206 KK hadi 220 BK), kabla kaishu haijakomaa, na kwa hiyo umbo la herufi nyingi za caoshu haliwezi kupatikana kwa kuharakisha umbo la kaishu. Chukua herufi 書, yenye maana ya kitabu au kuandika. Katika kaishu ina mipigo 10. Waandishi wa caoshu waliikusanya katika mwendo mfupi wa kukunja, kukunja tena, kushuka na kumalizia kwa nukta, na serikali ya China ilipotoa mpango wa kurahisisha herufi mwaka 1956, umbo hilo lilinyooshwa na kuwa 书, lenye mipigo minne. Hali ni hiyohiyo kwa 東 na 东, kwa 車 na 车, na kwa 為 na 为. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa leo anayeandika herufi zilizorahisishwa anabeba mkononi viungo vya caoshu bila kuambiwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni nukta nne zinazokaa chini ya 馬, farasi, 魚, samaki, na 鳥, ndege. Katika caoshu nukta hizo haziandikwi moja moja. Brashi huzipitia kwa mwendo wa kuyumba kutoka kushoto kwenda kulia, na kinachobaki kwenye karatasi ni mstari mmoja wa mlalo wenye mawimbi hafifu. Ukitazama 马, 鱼 na 鸟 za leo utauona mstari huo umekaa palepale, umenyooka. Kilichokuwa kiungo kati ya nukta na nukta kimegeuka kuwa mpigo kamili, na nukta zenyewe zimemezwa.

Sasa tuingie kwenye mkono wenyewe. Chukua herufi rahisi kabisa, 三, tatu, yenye mipigo mitatu ya mlalo, mmoja chini ya mwingine. Katika kaishu brashi hutua kushoto, husafiri kwenda kulia, hutulia, hurudi kidogo ili kuifunga ncha, kisha huinuliwa. Katika caoshu, ikifika kulia haifungi. Hukandamizwa kidogo, hugeuzwa kuelekea chini kushoto, na papo hapo mkono huanza kupanda kiasi cha kuacha nywele chache tu za ncha zikigusa karatasi. Nywele hizo huacha alama nyembamba ya kimshazari, ambayo Wachina huiita qiansi. Alama hiyo ikikaribia kushoto, mahali mpigo wa pili unapoanzia, mkono hushuka tena, nywele hupanuka, na mpigo mpya huanza kwa uzito wake kamili. Wino haujakatika hata mara moja tangu juu hadi chini, lakini ukiinama na kuutazama kwa karibu utaona unene unavyobadilika: mnene, kisha mwembamba kama unywele, kisha mnene tena. Mahali penye unene ndipo penye herufi. Mahali penye wembamba ni njia tu ya kupitia.

Hilo la unene na wembamba ndilo kiini cha uzi huu, na si fikra yangu. Mshairi na mhakiki Jiang Kui wa utawala wa Song aliliandika waziwazi mwaka 1208, katika risala yake iitwayo Xu Shupu. Alisema kwamba ukizichunguza herufi za caoshu za wakongwe, kila mahali penye mpigo wa kweli brashi ni nzito, na kila mahali pasipo na mpigo, ambapo brashi inavutana tu kutoka hapa kwenda pale, brashi ni nyepesi. Akaongeza kwamba hata Zhang Xu na Huaisu, waliosifika kwa mwandiko wa kichaa kuliko wote, hawakuivunja kanuni hiyo. Anayekandamiza brashi kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho amemnyima msomaji alama pekee ya kutofautisha herufi na njia. Kwa Wachina upo msemo kwamba caoshu ikitoka nje ya kanuni hata malaika hawaitambui, na kanuni wanayoikusudia ni pamoja na hii.

Jambo la pili ni kwamba kiungo kinabeba kazi ambayo katika kaishu hufanywa na mpigo. Sun Guoting wa utawala wa Tang aliandika risala yake, Shupu, mwaka 687, na nakala ya mkono wake imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kitaifa la Kasri, Taipei. Humo anasema kwamba katika kaishu nukta na mipigo ndiyo mwili wa herufi, na mizunguko ya brashi ndiyo hisia yake; katika caoshu mambo hugeuka, mizunguko huwa mwili na nukta na mipigo huwa hisia. Kisha anatoa hukumu ambayo kila mwanafunzi angeibandika ukutani: kaishu ikipungukiwa na mpigo bado inaweza kusomeka, lakini caoshu ikikosea mzunguko si herufi tena. Ndiyo kusema, katika mwandiko unaoonekana kuwa huru kuliko yote, uhuru wa kukosea ni mdogo kuliko yote.

Na tazameni Shupu yenyewe ilivyoandikwa. Ni risala ndefu inayofundisha kaligrafia, imeandikwa kwa caoshu tangu mwanzo, na bado sehemu kubwa ya herufi zake zimesimama kila moja peke yake, hazijashikana na jirani zake. Kama caoshu ingekuwa ni kuandika bila kuinua brashi, hati hii isingekuwa caoshu. Ndani ya herufi moja mipigo imeungana. Kati ya herufi na herufi brashi imeinuka. Lakini inua macho na ufuate mwelekeo wa mpigo wa mwisho wa kila herufi: unaelekea palepale ambapo herufi inayofuata inaanzia. Brashi ilipita hewani kwenye njia hiyo, tena haikupotea. Wachina hukiita kiungo cha namna hii bi duan yi lian, brashi imekatika lakini nia imeungana, na kwa hesabu yangu hiki ndicho kiungo kikuu cha caoshu, kwa kuwa kile kinachoonekana kwa wino ni sehemu ndogo tu ya safari ya mkono.

Kuungana kwa herufi na herufi kulikuja kwa hatua. Caoshu ya kwanza, iitwayo zhangcao, iliunganisha mipigo ndani ya herufi tu, na mpigo wa mwisho wa kulia ulibakiza lile wimbi la lishu, unatupwa nje na kuinuka kama mkia. Mkia huo unaifunga herufi. Baada yake lazima uinue brashi na kuanza upya. Mtindo uliofuata, jincao, uliutoa mkia. Mpigo wa mwisho ukakunjwa ndani na kuelekezwa chini, na kwa kuwa Wachina waliandika kutoka juu kwenda chini, herufi iliyo chini ikawa karibu kushikwa. Zhang Huaiguan, mhakiki wa Tang, alipozungumzia caoshu ya Zhang Zhi, bingwa wa mwisho wa utawala wa Han aliyefariki yapata mwaka 192, alisema kwamba umbo lilikamilika kama kwa mpigo mmoja. Pale ambapo halikuungana mishipa ya damu haikukatika, na pale lilipoungana, pumzi yake ilivuka kutoka mstari hadi mstari. Kwa maoni yake ni Wang Xianzhi (344–386) peke yake aliyeielewa siri hiyo, ndiyo maana herufi ya kwanza ya mstari wake mara nyingi huendeleza ya mwisho ya mstari uliotangulia.

Nakaribisha maswali, hasa kutoka kwa walioshika brashi wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa somo zito. Mimi nimelelewa chuoni, nikaandika herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kilatini, na nimebahatika kuona barua za Kiswahili cha zamani zilizoandikwa kwa herufi hizo. Kwetu sisi kuunganisha herufi ni jambo la lazima, si mapambo. Je, viungo vya caoshu ni vya namna hiyohiyo, au tunazungumzia vitu viwili tofauti?

Mleta uzi:

Swali zuri, ndugu yangu, na ulinganisho huo unasaidia sana, kwa sababu tofauti zake zinafundisha zaidi ya mifanano. Katika herufi za Kiarabu sheria ya kuunganisha imo ndani ya herufi yenyewe. Alif, dal, dhal, re, ze na waw hazishiki ile inayofuata, upende usipende, na nyingine zote hushika. Mtoto wa chuo akivunja sheria hiyo amekosea tahajia. Tena kiungo cha Kiarabu hukaa kwenye mstari wa chini wa neno, kikienda kulia hadi kushoto, na kina uzito wake halali ambao fundi wa khati anaweza hata kuurefusha kwa ajili ya uzuri.

Katika caoshu hali ni tofauti mahali pawili. Ndani ya herufi, viungo vingi vimekwisha kuwa desturi, na hapo vinakaribia sheria ya Kiarabu: ukiandika pembe (yaani sehemu inayojirudia ndani ya herufi nyingi) ya maneno, 言, inapokaa kushoto mwa herufi, utaweka nukta, ushuke wima, upinde kwenda juu kulia, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Kati ya herufi na herufi, kinyume chake, hakuna herufi iliyoamriwa kushika wala kukataa. Mwandishi ndiye anayeamua, kwa kutazama mahali mkono wake ulipoishia na mahali anapotaka kuanzia. Ndiyo maana mtu mmoja akiandika shairi lilelile mara mbili, viungo vya ndani ya herufi vitafanana na vya kati ya herufi vitatofautiana.

Jambo lingine la kuzingatia ni mwelekeo. Kiungo cha caoshu kati ya herufi mbili hushuka, kwa kuwa maandishi yanashuka. Wanaoandika caoshu kwa mlalo kutoka kushoto kwenda kulia, kama tunavyopanga maandishi kwenye simu, hujikuta viungo vimepoteza sababu, kwa sababu mpigo wa mwisho wa herufi nyingi huishia chini, ilhali herufi jirani inaanzia juu upande wa kulia. Mkono unalazimika kupanda mlima kila mara.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, kwa heshima zote naomba kutofautiana nawe. Umetaja kanuni nyingi, lakini Zhang Xu alijulikana kwa kulewa kisha kuandika, na inasimuliwa kwamba wakati mwingine alichovya nywele za kichwa chake katika wino. Huaisu naye alikuwa mtawa mlevi. Mwandiko wao, kuangcao, yaani caoshu ya kichaa, ndio kilele cha sanaa hii. Kama kilele chenyewe kilifikiwa na watu waliozitupa kanuni, haya ya unene na wembamba si ni mambo ya darasani tu?

Mleta uzi:

Nashukuru kwa kupinga kwa hoja. Hadithi za ulevi zipo tangu enzi za Tang na sizikatai, lakini tukiacha hadithi tukatazama wino, tunaona kitu kingine.

Anza na kazi fupi ya Huaisu iitwayo Kusun tie, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Shanghai. Ni ujumbe wa herufi 14 tu juu ya hariri, katika mistari miwili, akimwambia rafiki kwamba machipukizi machungu ya mianzi na chai ni vizuri ajabu, basi na aje moja kwa moja. Hakuna jambo la kishujaa humo. Mipigo ni ya mviringo, imekaza, na mahali brashi inapovutana kutoka mpigo hadi mpigo wino hupungua bila kupoteza nguvu. Mlevi asiyeutawala mkono hawezi kupunguza uzito wa brashi kwa kiasi hicho na kuurudisha mahali panapotakiwa.

Kisha nenda kwenye Zixu tie, tawasifu yake ya mwaka 777, iliyoko Taipei, yenye mistari 126 na herufi 702. Hapo kasi ni kubwa kweli, na kuelekea mwisho herufi hupanuka mpaka nyingine zinazizidi jirani zake mara kadhaa. Lakini msomaji aliyejifunza kanuni anaisoma, mstari kwa mstari, kwa kuwa kila mzunguko uko mahali pake. Ndicho hasa Jiang Kui alichokisema juu ya watu hawa wawili. Kanuni hazikutupwa, zilikuwa zimeingia mkononi kiasi kwamba hazikuhitaji kufikiriwa tena.

Naomba pia uangalie upande wa pili wa kuangcao, ambao huwa unasahauliwa. Huang Tingjian (1045–1105) wa utawala wa Song alijifunza kutoka kwa Huaisu, na gombo lake refu la wasifu wa Lian Po na Lin Xiangru, la mnamo mwaka 1095 na lenye urefu wa zaidi ya mita 18, liko katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Ukilifungua utashangaa kukuta nukta tele. Mahali ambapo Huaisu angevuta wino, Huang mara nyingi anaukata na kuweka nukta, kisha nukta nyingine, na jicho linaruka juu yake kama mguu unavyoruka juu ya mawe ya kuvukia mto. Huyu ni mwandishi wa kuangcao anayeunganisha kwa kukata. Anayepima kuangcao kwa urefu wa wino usiokatika atamkosea kabisa bwana huyu.

Kuhusu kasi, wakongwe wenyewe walituachia maneno. Zhang Zhi, huyohuyo aliyeitwa mtakatifu wa caoshu, ananukuliwa akisema kwamba ana haraka, hana nafasi ya kuandika caoshu. Na Zhao Yi, aliyeandika mwishoni mwa utawala wa Han kuwakosoa wapenzi wa mwandiko huu, alilalamika kwamba wanamaliza brashi moja kila siku kumi na madonge kadhaa ya wino kila mwezi. Mwandiko uliobuniwa ili kuokoa muda ulikuwa tayari umegeuka kuwa sanaa inayokula muda.

Mchangiaji wa tatu:

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa brashi na nina tatizo mahususi. Ninajitahidi kufanya viungo viwe vyembamba kama ulivyoeleza, lakini maandishi yangu hutoka malegevu, yanajipinda tu, hayana mfupa. Nikikaza mkono viungo vinakuwa vinene. Nikilegeza, kila kitu kinalegea. Nifanyeje?

Mleta uzi:

Mdogo wangu, tatizo lako lina umri mkubwa. Mfalme Taizong wa Tang, katika maneno aliyoyaandika kuhusu bingwa wa kaligrafia Wang Xizhi ndani ya historia rasmi ya utawala wa Jin, alimkosoa mwandishi mmoja aitwaye Xiao Ziyun kwa kusema kwamba kila mstari wake ni kama nyungunyungu wa masika waliosokotana, na kila herufi ni kama nyoka wa vuli aliyejifunga fundo. Kosa alilokuwa akilitaja ni hilohilo, ukosefu wa mfupa.

Mara nyingi chanzo chake hakiko kwenye kiungo bali kwenye kona inayokitangulia. Mpigo unapogeuka, nywele za brashi hujipinda na kulala upande mmoja. Ukiendelea kuvuta bila kuzisimamisha, kiungo kitachorwa na ubavu wa brashi, si ncha, na kitakuwa ama kinene ama kilegevu. Kwa hiyo kwenye kona tulia kidogo mno, uinue brashi wima mpaka uhisi nywele zimerudi pamoja, na wengine huzungusha mpini kidogo kati ya vidole ili kusaidia, ndipo uvute. Kutulia huko hakuonekani kwenye karatasi kama umekufanya vizuri. Sun Guoting alisema kwamba kuweza kwenda kasi na kutokwenda kasi ndiko kukawia kwa kweli, na nadhani hapa kwenye kona ndipo maneno yake yanapokuwa na faida kubwa.

Jiang Kui anatoa vipimo viwili vilivyorithiwa kutoka kwa waliomtangulia. Mgeuko uwe kama kipini cha nywele kilichopindwa, yaani uwe wa mviringo na bado ubaki na nguvu ya chuma. Mpigo ulionyooka uwe kama njia ya maji yanayovuja ukutani, ambayo hayaporomoki kwa mkupuo bali hushuka yakishikilia ukuta. Ukimtazama mtu stadi akiandika utaona kweli brashi yake inang'ang'ania karatasi.

Kwa mazoezi, nakushauri uanze na viungo vya hewani. Andika herufi kwa mpangilio wa caoshu, lakini kila mwisho wa mpigo inua brashi nusu sentimita na uipitishe hewani kwenye njia ambayo kiungo kingepita, kisha utue. Mkono ukishaijua njia, teremsha brashi kidogo kidogo mpaka ncha iguse yenyewe. Kiungo kilichozaliwa hivyo huwa chembamba bila kulazimishwa.

Usipuuze vifaa pia. Karatasi ghafi ya Xuan, ile inayotengenezwa wilaya ya Jing mkoani Anhui, hunywa wino papo hapo, na mkono ukisita kiungo huvimba. Ile iliyotiwa shabu hainywi haraka, brashi huteleza, na viungo hutoka vikali. Anayeanza hupata nafuu kwenye hiyo ya pili. Brashi ya manyoya ya mbuzi ni laini mno na hujikunja ikabaki hivyo. Ya manyoya ya cheche wa Kichina hurudi wima upesi baada ya kila kona. Zipo zilizochanganya manyoya ya aina zote mbili, nazo zinafaa sana kwa hatua uliyopo.

Mchangiaji wa nne:

Salaam kwa wote. Naomba kuongezea kuhusu kusoma. Kinachonisumbua mimi ni kwamba viungo vinafanya pembe tofauti zifanane. Nukta tatu za maji 氵, pembe ya mtu 亻, pembe ya hatua 彳 na hata ile ya maneno 言, zote naziona kama mstari mmoja wa wima wenye kikunjo. Msomaji anatofautishaje?

Mleta uzi:

Umegusa mahali pagumu kuliko pote. Ni kweli kwamba pembe hizo hukaribiana, na katika mikono mingine hulingana kabisa. Tofauti huhifadhiwa mahali patatu, nami huzitazama kwa mpangilio huu. Kwanza ni mwanzo: je, mstari umetanguliwa na nukta iliyosimama peke yake, au umeanza moja kwa moja? Pili ni mwisho: mstari umepindwa kwa kona kali, umezungushwa, au umerushwa tu kwenda juu kulia? Tatu, na mara nyingi ndiyo inayoamua, ni sehemu ya kulia ya herufi. Pembe ya maji na pembe ya mtu hazikai na wenzi walewale, na ukishaitambua sehemu ya kulia, machaguo ya kushoto hubaki mawili au moja.

Fahamu pia kwamba kiungo kinaweza kubadilisha hata mpangilio wa mipigo. Herufi 王, mfalme, katika kaishu huandikwa mlalo, mlalo, wima, mlalo. Katika xingshu na caoshu huandikwa mlalo, wima, kisha milalo miwili ya mwisho kwa mwendo mmoja, kwa sababu baada ya kushuka wima ni rahisi kupanda na kuifunga miwili hiyo pamoja. Anayejaribu kuisoma kwa mpangilio wa kaishu atakiona kiungo mahali asipokitarajia na kudhani ni mpigo wa ziada. Hivyo unapokwama, fuata wino kwa kidole chako, kwa mwelekeo ambao brashi ilikwenda. Kidole hutambua herufi ambazo jicho limeshindwa.

Mtu aliyelifanyia kazi suala hili kwa moyo wake wote ni Yu Youren (1879–1964), mwanasiasa na mwandishi wa kaligrafia aliyeanzisha chama cha caoshu sanifu mjini Shanghai mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kitabu chake kikatoka mwaka 1936. Alikusanya maumbo kutoka kwa mabingwa wa kale, akachagua kwa kila herufi umbo lililo rahisi kutambulika, rahisi kuandikika, sahihi na zuri, na akaonyesha ni alama ipi inawakilisha pembe zipi. Matumaini yake yalikuwa kwamba watu wote wa China wangeandika upesi kwa umbo moja linaloeleweka. Caoshu yake haikuwa mwandiko wa kila siku wa taifa, lakini jedwali lake la alama wakilishi bado ni ngazi nzuri kwa msomaji, na ninalipendekeza kwako kabla ya kugusa kuangcao. Baada yake nenda kwenye barua za Wang Xizhi zinazojulikana kama Shiqi tie, ambazo herufi zake zimeachana vya kutosha kuzitazama moja moja, kisha Shupu. Zixu tie iwekwe mwisho.

Mchangiaji wa tatu:

Ahsante, mwalimu. Nimejaribu hilo la kusimamisha nywele kwenye kona kwa kutumia 三 na 王, na kiungo cha kwanza kimetoka chembamba. Cha pili kati ya milalo ya mwisho ya 王 bado ni kinene.

Mleta uzi:

Hicho cha pili ni kigumu zaidi kwa sababu nafasi kati ya milalo hiyo ni fupi na brashi haipati muda wa kupanda. Panua nafasi hiyo kwa makusudi unapofanya mazoezi, inua brashi mapema, kabla mlalo wa kati haujafika mwisho, na punguza wino kwenye brashi kwa kuikwangua mara moja ukingoni mwa jiwe la wino. Ukishapata wembamba katika nafasi pana, ibane taratibu.